Ni Nani Aliyeingiza Siasa Katika Raga?

Mwanzoni mwa Juni 2018, siku chache kabla ya timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini kuteremka katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, kupambana na England, mashabiki wa mchezo huo nchini humo walikuwa na mjadala mkali. Aliyewasikiliza kwa juu juu angedhani wanabishana juu ya mpira. Kumbe walikuwa wakibishana juu ya rangi.

Timu yao, ambayo huitwa Springboks kwa jina la swala wa nyika za huko, ilikuwa katika hali mbaya. Mwaka 2016 ilicheza mechi kumi na mbili za kimataifa ikashindwa nane. Ireland, ambayo haikuwa imepata kuishinda katika ardhi ya Afrika Kusini, ilishinda Cape Town. Argentina ikaifunga nyumbani kwake kwa mara ya kwanza. Mwezi Oktoba New Zealand ikaja Durban ikaondoka na ushindi wa pointi 57 kwa 15, na mwezi uliofuata Italia, ambayo katika raga haikuwa ikihesabiwa miongoni mwa wakubwa, ikashinda 20 kwa 18 mjini Florence. Wengine walidhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Septemba 2017 New Zealand ilirudia kazi yake, na safari hii Afrika Kusini haikupata hata pointi moja: 57 kwa sifuri. Mwezi Februari 2018 kocha Allister Coetzee aliondolewa, nafasi yake akapewa Rassie Erasmus. Mwishoni mwa Mei, Erasmus alimteua Siya Kolisi kuwa nahodha, Mwafrika wa kwanza kuiongoza timu hiyo katika mechi rasmi za kimataifa tangu mechi ya kwanza kabisa ilipochezwa Port Elizabeth mwaka 1891. Tarehe 2 Juni timu, ikiwa imewapumzisha wachezaji wake wengi wakuu, ilishindwa tena na Wales, 22 kwa 20, huko Washington. Siku saba baadaye ilikuwa zamu ya England.

Katika hali hiyo kila shabiki alikuwa na dawa yake, na hilo ni jambo la kawaida kwa shabiki popote duniani. Lakini dawa iliyotajwa kwa sauti kubwa kuliko zote ilikuwa moja: siasa itoke katika raga. Chama cha raga cha nchi hiyo kilikuwa kimejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2019 nusu ya wachezaji wa timu ya taifa wawe weusi, yaani Waafrika na Machotara na wengine wote walionyimwa haki zamani. Basi ikasemwa kwamba timu inafungwa kwa sababu ya mgawo huo; kwamba watu wanachaguliwa kwa ngozi na wala si kwa uwezo; kwamba hata unahodha wa Kolisi ni zawadi ya wanasiasa. Hata waliokwisha kutwaa ubingwa wa dunia hawakusalimika. Mwezi huo huo wa Mei, Ashwin Willemse, aliyekuwa katika kikosi kilichoshinda Kombe la Dunia mwaka 2007, aliondoka studio ya televisheni huku matangazo yakiendelea, akisema kwamba amechoka kwa kuwa tangu alipokuwa mchezaji alikuwa akibandikwa jina la mchezaji wa mgawo. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulisema haukuona ubaguzi wa rangi katika tukio lile. Iwe hivyo. Lakini jina lile la mgawo hakulibuni yeye.

Huenda ndugu msomaji ukauliza, haya yatuhusu nini sisi? Raga ni mchezo ambao walio wengi miongoni mwetu hatujapata kuuona ila katika picha: watu kumi na watano kwa kumi na watano, waking'ang'ania mpira wenye umbo la yai. Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, nchi hii ililipa gharama katika ugomvi huo huo wa raga, na vijana wetu wengi hawajui. Pili, hoja ile ya kwamba tuchague kwa uwezo tu, na mengine yote ni siasa, haikuishia Johannesburg. Imo katika vyumba vyetu vya walimu na katika ofisi zetu, na husemwa na watu wasomi wenye nia njema.

Tuanze na hesabu ya mashabiki wenyewe, maana hata kwa kipimo chao haifiki mbali. Aibu kubwa kuliko zote katika historia ya timu hiyo haikuipata mwaka 2016 wala 2017. Iliipata tarehe 19 Septemba, 2015, katika mji wa Brighton, siku ilipofungwa na Japani 34 kwa 32 katika Kombe la Dunia. Kikosi kilichofungwa siku ile kilikuwa na Wazungu walio wengi, wakongwe, wenye majina makubwa, na kocha wake alikuwa akilaumiwa na vyama vya wafanyakazi kwa kuwabania weusi nafasi. Je, kuna aliyesema siku ile kwamba Wazungu hawana uwezo wa kucheza raga? Hakuna, na ingekuwa upuuzi kusema hivyo. Mzungu akishindwa, imeshindwa mbinu. Mwafrika akishindwa, imeshindwa rangi yake. Mkuki kwa nguruwe!

Hapana budi tukiri kwamba kocha Coetzee alishindwa, na kocha anayepokea 57 kwa sifuri hana budi kujibu maswali. Lakini mwenye kutaka kweli angetazama pia fedha. Katika miaka hiyo wachezaji hodari wa Afrika Kusini, weupe kwa weusi, walikuwa wakinunuliwa na klabu za Ufaransa, Uingereza na Japani kama mbuzi mnadani, kwa sababu randi haikuweza kushindana na pauni, yuro wala yeni. Chama cha raga, badala ya kupata njia ya kukabiliana na mabepari hao, mwaka 2017 kilijiwekea sharti la kutowaita wanaocheza ng'ambo kama hawajatimiza mechi thelathini za kimataifa. Kwa maneno mengine, timu ilinyang'anywa wachezaji na wenye fedha, kisha ikajifunga mikono yenyewe. Erasmus alipoingia alilegeza sharti hilo, ndiyo maana Faf de Klerk, aliyekuwa akicheza England, akapata kuvaa jezi ya taifa siku ile ya Ellis Park. Mwanzoni mwa mwaka 2019 sharti likafutwa kabisa. Lakini shabiki aliyekuwa akipiga kelele juu ya siasa hakumwona tajiri wa klabu ya Ufaransa mwenye mkoba wake. Alimwona kijana wa Zwide.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Ni nani aliyeingiza siasa katika raga?

Waafrika na Machotara wa Rasi walikuwa wakicheza mchezo huo tangu karne ya 19, na bodi ya raga ya Machotara iliundwa mwaka 1897. Hawakuwa wageni waliokaribishwa uwanjani mwaka 1994 kwa hisani ya wanasiasa. Walikuwa na klabu, mashindano na mabingwa wao, ila milango ya timu iliyojiita ya taifa ilifungwa kwa ajili ya rangi yao. Mwafrika alipotaka kutazama mechi kubwa alitengewa kizimba chake, na mara nyingi wengi waliokuwa kizimbani humo waliwashangilia wageni. Je, kufunga mlango kulikuwa michezo, na kuufungua ndiyo siasa?

Makaburu hawakutosheka kuwabagua wananchi wao. Walitaka na wageni wabague. New Zealand ilitakiwa iwaache nyumbani wachezaji wake wa kabila la Maori, na mwaka 1960 ilikubali, ingawa wananchi wake wengi waliandamana kupinga. Mwaka 1965 Waziri Mkuu Verwoerd alisema waziwazi kwamba Wamaori hawatakiwi, na safari ya mwaka 1967 ikavunjika. Mwaka 1970 ukapatikana ujanja mwingine: Wamaori wakaruhusiwa kuingia kwa cheo cha Wazungu wa heshima. Ebu tafakari maneno hayo. Mtu anapewa weupe wa muda, kama kibali cha kuvulia samaki, ili apate kucheza mpira na kulala hotelini, kisha akipanda ndege weupe wake unakwisha. Hao ndio waliokuwa wakiiambia dunia kwamba michezo isichanganywe na siasa.

Ndipo ukafika mwaka 1976. Tarehe 16 Juni watoto wa shule wa Soweto, walioandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kikaburu, walipigwa risasi. Majuma machache baadaye, damu haijakauka, timu ya New Zealand ilikuwa ikicheza raga Afrika Kusini, huku serikali ya Muldoon ikidai kwamba hilo si jambo la serikali. Mwezi Julai Michezo ya Olimpiki ilikuwa ianze Montreal, Kanada. Afrika ilitaka New Zealand iondolewe. Wakubwa wa Olimpiki wakajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, hivyo hayawahusu. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kutangaza kwamba haitakwenda, na zaidi ya nchi ishirini, karibu zote za Afrika, zikasusia pia.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama, na gharama ile ilikuwa na jina la mtu. Ndugu Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 tarehe 2 Februari, 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, huko huko New Zealand, kwa muda wa dakika 3 na sekunde 32.2. Alitoka mbele tangu mlio wa bastola akakimbia mbele mpaka mwisho, na aliyemfuata, John Walker wa New Zealand, naye pia aliivunja rekodi ya zamani. Dunia nzima ilikuwa ikingojea wawili hao wakutane Montreal. Hawakukutana. Walker alikimbia, akapata dhahabu. Bayi alisubiri mpaka Moscow mwaka 1980, akapata fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji.

Mwanariadha ana miaka michache ya nguvu zake, na ile iliyopita hairudishwi na hotuba za pongezi. Tunayataja haya ili shabiki anayesema siasa itoke katika raga ajue kwamba sisi hatukuiingiza. Tuliikuta humo, imeketi, na tukalipa kwa miguu ya mkimbiaji bora tuliyepata kuwa naye ili itolewe. Mwaka uliofuata wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikubaliana Gleneagles kuzuia uhusiano wa michezo na Makaburu. Mwaka 1981 timu yao ilipokwenda New Zealand, wananchi wa nchi hiyo waliingia uwanjani Hamilton mechi isichezwe, na mjini Auckland ndege ndogo ilidondosha mifuko ya unga juu ya wachezaji. Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1987, na la pili, mwaka 1991, yalichezwa bila wao.

Wakaruhusiwa kurudi. Tarehe 15 Agosti, 1992, katika uwanja ule ule wa Ellis Park, walicheza na New Zealand. Chama cha ANC, ambacho wapiganaji wake tuliwapa ardhi huko Mazimbu na kwingineko, kilikubali mechi ichezwe kwa masharti madogo: wimbo wa Makaburu usipigwe, na watazamaji wakae kimya kwa muda kuwakumbuka waliouawa katika ghasia za wakati ule. Muda wa kimya ulipofika, umati uliimba wimbo wa Makaburu. Basi kila shabiki anayesema hapendi siasa na aseme alikuwa wapi siku ile, na kama alikuwapo, alikuwa akiimba nini.

Wengi hupenda kuruka kutoka hapo hadi mwaka 1995, Mzee Mandela akiwa amevaa jezi namba 6 na kombe likikabidhiwa. Ilikuwa siku kubwa, na hatuna sababu ya kuipunguza. Lakini katika wachezaji kumi na watano walioanza fainali ile, mweusi alikuwa mmoja tu, Chester Williams. Nchi yenye weusi walio wengi mno ilimpata mmoja. Anayeamini kwamba hao kumi na wanne walipatikana kwa uwezo mtupu, bila mkono wa siasa yoyote, ana kasumba ambayo haiwezi kutibiwa na makala ya gazeti.

Uwezo ni nini? Walimu wanajua kuliko mtu mwingine yeyote. Mtoto haji shuleni na uwezo mkononi kama madaftari. Siya Kolisi alizaliwa tarehe 16 Juni, 1991, siku moja tu kabla ya kufutwa kwa sheria iliyomwandika kila mtu rangi yake tangu kuzaliwa. Alikulia Zwide, kitongoji cha Waafrika huko Port Elizabeth, mji ambao tangu 2021 unaitwa Gqeberha, na alilelewa na bibi yake katika umaskini. Akiwa na umri wa miaka kumi na miwili alipata ufadhili wa masomo katika shule ya Grey, shule ya kale ya Wazungu yenye viwanja, makocha na, jambo kubwa kuliko yote, chakula. Wapinzani wa mgawo hufurahi kukumbusha kwamba mapema mwaka 2019 Kolisi mwenyewe, alipohojiwa na Wajapani, alisema hangependa kuchaguliwa kwa ajili ya ngozi yake. Ni kweli alisema. Lakini wanamkata kauli katikati. Aliendelea kueleza kwamba mabadiliko yapaswa kuanzia vitongojini, na kwamba kama asingepata nafasi katika shule ile asingekula vizuri wala kukua ipasavyo. Huyo ni mtu anayesema uwezo wake ulipikwa jikoni. Na je, walikuwapo wangapi Zwide wenye mbio kama zake, ambao ufadhili haukuwafikia?

Hapo ndipo tunapolazimika kusema na ndugu zetu wa serikali ya Afrika Kusini pia, maana udugu hauzuii ukweli. Aprili 2016 waziri wao wa michezo alikipiga marufuku chama cha raga, pamoja na vyama vya kriketi, riadha na netiboli, kuomba kuandaa mashindano makubwa ya kimataifa, kwa kosa la kutotimiza malengo ya kuingiza weusi. Wakati huo chama chake kilikuwa madarakani kwa miaka ishirini na miwili. Wengi wa wachezaji weusi waliokwisha kufika timu ya taifa walipitia shule zile zile chache za kale zenye ada kubwa. Kuhesabu vichwa vyeusi katika jezi kila Jumamosi ni kazi rahisi ya karani. Kazi ya serikali ni kiwanja, mwalimu na uji wa saa nne katika shule ya kitongoji, na kazi hiyo haifanyiki kwa kumkaripia kocha. Serikali inayohesabu wachezaji bila kuhesabu viwanja inampa silaha yule yule anayesema mgawo ni siasa tupu.

Hata hivyo tusiuachie mgawo utukanwe. Mwalimu aliyefundisha katika miaka ya 1970 na 1980 anakumbuka mgawo wa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa. Mkoloni na wamisionari walikuwa wamejenga shule penye kahawa na penye baridi, wakaiacha mikoa mingine gizani, na Serikali yetu ikaona kwamba kuwapima watoto wa pande zote mbili kwa alama zile zile ni kuendeleza kazi ya mkoloni kwa kalamu ya Mwafrika. Manung'uniko yalikuwapo, na yalikuwa haya haya: mtoto wangu ana alama nyingi, ameachwa, amechukuliwa mwingine. Mzazi yule alikuwa na uchungu wa kweli. Lakini katika maofisi yetu walipita madaktari, wahandisi na makatibu wakuu waliochukuliwa kwa mgawo ule, na hakuna aliyepata kuwatambua kwa kuwatazama kazi zao. Leo wako watoto wao wanaosema serikalini kwamba tuajiri kwa uwezo tu. Wamekwisha kuvuka mto, sasa wanalalamika kwamba daraja linaharibu mandhari.

Turudi Ellis Park. Tarehe 9 Juni, 2018, Kolisi aliiongoza timu yake uwanjani, na kabla ya dakika ishirini kwisha England ilikuwa mbele kwa pointi 24 kwa 3. Si vigumu kukisia yaliyosemwa barazani katika dakika zile. Kisha Sbu Nkosi, kijana mweusi aliyekuwa akicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa, alivusha mpira mstari mara mbili. Aphiwe Dyantyi, naye mgeni kama yeye, akavusha mara moja. De Klerk na Willie le Roux, Wazungu walioitwa kutoka ng'ambo, wakavusha pia. Mpira ulikwisha 42 kwa 39, Afrika Kusini imeshinda. Mwaka uliofuata, huko Yokohama, iliifunga England hiyo hiyo 32 kwa 12 katika fainali ya Kombe la Dunia, ikiwa na weusi sita kati ya kumi na watano walioanza. Aliyevusha mpira kwanza siku ile alikuwa Makazole Mapimpi, mtoto wa kijijini karibu na East London ambaye hakupitia shule yoyote ya kale ya Wazungu. Mwaka 2023 mjini Paris Kolisi akalinyanyua kombe tena.

Wako marafiki wa hoja yetu wanaoishia hapo kwa vifijo, wakisema kwamba makombe mawili yamewajibu wapinzani. Hatuungani nao. Kama haki ya Kolisi ya kuwa nahodha ilithibitishwa na ushindi wa 42 kwa 39, basi ingefutwa na pointi nne tu, na majuma mawili baadaye, England iliposhinda 25 kwa 10 mjini Cape Town, angepaswa kurudishwa Zwide. Mzungu hakupata kuombwa kombe kwanza ndipo apewe jezi. Timu ile ilifungwa na Japani ikiwa ya Wazungu walio wengi na ilibaki timu ya taifa. Itafungwa tena siku moja, maana hakuna timu isiyofungwa, na siku hiyo nahodha anaweza kuwa Mwafrika na kocha pia akawa Mwafrika. Shabiki wa Johannesburg atakapofungua kinywa siku hiyo kuilaumu timu yake, na amlaumu kwanza mwenye mkoba wa Ufaransa, kisha waziri asiyejenga kiwanja, kisha kocha na mbinu zake.